Cassis: asubuhi magharibi, jioni mashariki

Simama kwenye gati la Cassis, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, uso baharini. Kushoto kwako, mashariki, kuna genge la rangi ya kutu lililochomoka moja kwa moja kutoka majini: hilo ndilo Cap Canaille. Kulia kwako, magharibi, kuna vilima vyeupe ambavyo bahari imeingia kati yake kwa vidole virefu vyembamba. Wafaransa wa pwani hii huita vidole hivyo calanque. Mtu wa Mwambao angesema hori tu, na asingekosea, ila hori hizi hazina mikoko wala matope. Zina kuta za mawe na maji ambayo unaona kivuli cha mtumbwi kikitembea chini yake.

Mji wenyewe ni mdogo, wakazi 7,000 hivi, kama kilomita 20 kusini-mashariki mwa Marseille. Wageni wengi hufika saa nne au saa tano asubuhi, hunywa kahawa bandarini, hupanda Cap Canaille kwa gari kabla ya chakula cha mchana, na alasiri ndipo hukumbuka kwenda kwenye hori. Hapo wamefanya kila kitu kinyume. Cap Canaille linatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwake, kwa hiyo ukuta wote ni giza moja lisilo na umbo. En-Vau nayo, hori inayosifiwa kuliko zote, mdomo wake umefunguka kuelekea kusini-mashariki. Alasiri ikisonga, kuta zake huifunika pwani yake kwa kivuli, na yale maji ya feruzi uliyoyaona kwenye picha yanageuka rangi ya chupa. Kwa hiyo asubuhi nenda magharibi, jioni geukia mashariki. Mengine yote ya Cassis yanafuata hapo.

Msomaji aliyezoea jua la ikweta inabidi asahihishe saa yake kwanza. Kwetu jua halibadilishi mambo sana, Januari au Julai. Cassis iko nyuzi 43 kaskazini. Mwishoni mwa Juni jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa tatu na dakika ishirini usiku. Desemba linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Mtu anayepanga safari ya Desemba kwa mazoea ya Mombasa atajikuta kwenye korongo la mawe saa kumi na moja na nusu, giza linaingia, na simu haina mtandao. Chini ya kuta zile mawasiliano hukatika, kwa hiyo pakua ramani kabla ya kutoka mjini na weka tochi mkobani hata kama unatarajia kurudi mchana.

Kufika na kuanza kutembea

Kutoka kituo cha Saint-Charles cha Marseille, treni za mkoa zinazokwenda upande wa Toulon hufika Cassis kwa chini ya nusu saa. (Marseille yenyewe ina Wangazija wengi sana, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Ukipotea sokoni, jaribu salamu, huenda ukajibiwa.) Tatizo ni kwamba kituo cha Cassis hakipo Cassis. Kipo juu kwenye mashamba ya mizabibu, kilomita 3 hivi kutoka bandarini. Kuna basi dogo la mji linaloteremka, lakini ratiba yake haisubiri kila treni, na Jumapili mabasi ni machache. Kuteremka kwa miguu ni dakika 40 za starehe. Kupanda jioni ukiwa umechoka ni hesabu nyingine, tutaifikia.

Mwenye gari asiliingize mjini. Barabara ni nyembamba, na maegesho yaliyo karibu na mwanzo wa njia ya hori, yale ya Presqu'île, ni ya kulipia na hujaa mapema siku za likizo. Juu ya mji kuna uwanja wa maegesho wa Gorguettes, na msimu wa watalii basi hushusha watu kutoka hapo.

Kutoka bandarini, fuata pwani kuelekea magharibi. Utapita ufuko wa Bestouan, wa changarawe, na ukiingia majini hapo utagundua jambo la ajabu kidogo: hatua moja maji ni ya kawaida, hatua inayofuata ni baridi ya jokofu. Chini ya ufuko huo mto wa chini ya ardhi unamwaga maji yake baharini. Nchi nzima nyuma ya Cassis ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa kama sifongo. Mvua inayonyesha juu haibaki juu, huzama, husafiri gizani na kutokea chini ya usawa wa bahari. Ndiyo sababu huoni mto hata mmoja kwenye matembezi haya, na ndiyo sababu huko mbele hakuna bomba, kisima wala chemchemi ya kunywa.

Baada ya Bestouan barabara inapanda kati ya nyumba za watu, na baada ya nusu saa kutoka bandarini unafika mwisho wa Port-Miou, hori ya kwanza. Ni ndefu, zaidi ya kilomita moja, na imejaa mashua za matanga zilizofungwa pande zote mbili. Anayetafuta pori hukata tamaa hapa. Asikate. Tazama ukuta wa ng'ambo, uone ulivyokatwa kwa ngazi kubwa kubwa: hayo ni machimbo. Jiwe la Cassis ni jeupe na gumu. Lilijenga magati, na masinki ya jikoni ya nyumba nyingi za zamani za Provence yalichongwa kutoka humo, jiwe moja zima lililochimbwa katikati. Uchimbaji wa Port-Miou ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Chini ya maji ya Port-Miou kuna mto mwingine, mkubwa kuliko ule wa Bestouan. Miaka ya 1970 wahandisi walijenga bwawa ndani ya pango lake ili kuzuia maji ya bahari yasiingie, wakitumaini kupata maji matamu. Bwawa lilisimama, maji yakabaki na chumvi, kwa sababu bahari inaingia kutoka kina kirefu zaidi kuliko pale lilipojengwa. Wapiga mbizi wameufuata mto huo chini kupita mita 200 bila kufika mwisho.

Jiwe linaloteleza

Kuanzia hapa unafuata alama mbili zilizopakwa kwenye mawe na miti, mstari mweupe juu na mwekundu chini. Ni alama za njia kuu inayotoka Marseille hadi Cassis kwa kufuata hori zote. Ukiona rangi hizo mbili zimekatana kwa umbo la msalaba, umekosea njia. Rudi mpaka ulipoona alama ya mwisho iliyo sawa. Watu hupotea si kwa kukosa alama bali kwa kufuata vijia vya mkato vilivyochorwa na miguu ya waliopotea kabla yao.

Port-Pin iko nusu saa mbele. Ni kijiufuko kidogo cha mchanga na changarawe, misonobari imeinama juu yake. Njia ya kufika hapo si ngumu, ingawa ina mawe tangu mwanzo hadi mwisho. Wenye watoto wadogo au magoti mabovu waishie hapa wala wasijilaumu. Maji yanaingia taratibu na kivuli kipo.

Kutoka Port-Pin hadi En-Vau ni dakika 45 hivi, na hapa ndipo mambo yanapobadilika. Njia inapanda bonde, inafika kilele chake, kisha inaanguka. Neno ni hilo. Mteremko wa kuingia bonde la En-Vau ni mkali, wa kokoto na mawe makubwa yaliyosuguliwa na miguu ya miaka mingi mpaka yanang'aa kama sahani.

Mawe haya yanahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo yanayovunja watu vifundo. Mwamba wa pwani yetu, ule wa matumbawe, ni mkali. Unakata nyayo, lakini unashika kiatu. Jiwe la chokaa la Cassis lina chembe ndogo mno na limebana. Likisuguliwa, badala ya kuparuka linakuwa laini kama marumaru. Utalitambua kwa rangi: pale ambapo hapajapitiwa jiwe ni la kijivu na lina vipele, pale palipopitiwa ni jeupe au la manjano hafifu na linaakisi jua. Kanyaga kijivu. Likiwa kavu, jeupe linateleza. Likilowa, ni sabuni, na siku iliyonyesha asubuhi usishuke En-Vau hata kama mchana jua limetoka, kwa maana mashimo yaliyo kivulini hukauka kesho yake.

Sehemu zilizo wima geuka, utazame mwamba, ushuke kama unavyoshuka ngazi ya darini, mikono ikifanya kazi. Wanaoshuka wakitazama mbele huishia kukaa kitako, na viatu vya ufukweni ndivyo vinavyowaponza. Vaa viatu vyenye soli ya mpira mlaini yenye meno. Soli ngumu iliyozeeka ni mbaya kuliko raba mpya ya bei nafuu.

Maji ya kunywa: lita 2 kwa mtu kwa siku ya baridi, lita 3 kuanzia Mei. Weupe wa mawe unarudisha joto usoni kutoka chini, jambo ambalo kofia haizuii. Watu wengi wanaookolewa huku wakati wa kiangazi hawakuanguka. Waliishiwa maji wakiwa ufukweni, na safari ya kurudi inaanza na ule mpando wa kokoto, saa za jua kali.

Kuna mlango mwingine wa En-Vau: kutoka upande wa bara, mlima wa Gardiole, kwa barabara ya msitu inayoteremka polepole mpaka kuingia bonde lile lile. Haina mandhari mengi njiani, lakini haina pia ule mteremko. Mwenye usafiri wa kumshusha Gardiole na kumchukua Cassis aende hivyo, aingie kwa njia rahisi na atoke kwa kupanda, kwa sababu kupanda mawe yanayoteleza ni salama kuliko kuyashuka.

Na kama lengo ni kuona tu, huna haja ya kushuka. Kati ya Port-Pin na En-Vau kuna uwanda wa juu, na ukingo wake ndio mahali ambapo zile picha maarufu hupigwa: hori nzima iko chini yako, nyembamba, imebanwa na kuta zilizosimama wima, na nguzo ya mawe inayoitwa Kidole cha Mungu, ambayo wapanda miamba huning'inia juu yake kama siafu. Uwe hapo kati ya saa nne na saa sita mchana. Jua linaingia mpaka chini, mchanga mweupe wa chini ya maji unawaka, na ndipo rangi ile ya feruzi inapopatikana. Mwenye kamera aweke kichujio cha kuondoa mng'aro. Bila hicho maji yatatoka meupe upande mmoja.

Mlima unaofungwa

Hifadhi ya Taifa ya Calanques ilianzishwa mwaka 2012, na inachukua sehemu ya Marseille, Cassis na La Ciotat, bahari ikiwa kubwa mara kadhaa kuliko nchi kavu yake. Haina lango wala kiingilio. Ndiyo maana wageni husahau kwamba ina sheria, na sheria inayowakuta wengi ni ya moto.

Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, serikali ya mkoa hutangaza kila jioni hali ya hatari ya moto kwa siku inayofuata, kwa rangi. Nyekundu maana yake mlima umefungwa kwa kila mtu, na anayekutwa ndani anapigwa faini. Tazama tangazo jioni kabla ya kulala, kwenye programu ya simu ya hifadhi au kwenye tovuti ya mkoa, usingoje asubuhi. Kinachoamua rangi si joto peke yake bali upepo na ukavu. Siku isiyo na joto kali lakini yenye upepo mkavu inaweza kufungwa, na siku ya joto lenye unyevu ikaachwa wazi. Misonobari ya pale ina utomvu na majani makavu yaliyolala chini miaka mingi. Cheche moja kwenye upepo wa kilomita 80 kwa saa haizimiki kwa ndoo. Kuvuta sigara mlimani ni marufuku, na jiko la gesi la kuchemshia chai ni marufuku vilevile.

Kuna sharti jingine linalochanganya watu: kujiandikisha mapema. Hilo lilianza mwaka 2022 kwa hori ya Sugiton, iliyo upande wa Marseille, siku za kiangazi. Nafasi ni 400 kwa siku, bure, na sababu ni mmomonyoko: miguu ilikuwa inakula udongo mpaka mizizi ya misonobari ikabaki hewani. Sharti hilo usilihamishie Port-Pin na En-Vau.

Kwa ushauri wa wazi, usije Julai wala Agosti kama unaweza kuchagua. Machi mpaka Mei rosemari inachanua, mlima haujaanza kufungwa, na kutembea hakuumizi. Mwisho wa Septemba na Oktoba maji ya bahari bado yana joto la kiangazi na watu wamepungua.

Upepo

Wazee wetu walipanga mwaka kwa kaskazi na kusi. Watu wa Cassis hupanga siku kwa mistral. Ni upepo mkavu wa kaskazini-magharibi, unaoteremka bonde la mto Rhône kati ya milima ya Alps na nyanda za juu za kati za Ufaransa, na ukishabanwa hapo hutoka kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Hauna msimu mmoja kama kusi. Huja siku moja, siku tatu, siku sita, wakati wowote wa mwaka, ila majira ya baridi na mwanzo wa kuchipua ndipo unapokuwa mkali zaidi.

Unadanganya kwa namna tatu. Ya kwanza: bandari ya Cassis imekingwa na vilima, kwa hiyo unaweza kuketi mgahawani bila kitambaa cha meza kupeperuka, huku juu kwenye Cap Canaille mtu hawezi kusimama. Usipime upepo kutokea bandarini. Tazama bahari ya mbali, nje ya ghuba. Ukiona imejaa povu jeupe, huko juu kunavuma.

Ya pili inamhusu mwenye kayaki. Mistral unatoka bara kwenda bahari, kwa hiyo ukingoni maji yanakuwa shwari kabisa, yanakualika. Mita 300 nje, upepo unakushika na kukusukuma kusini, na kurudi ni kupiga kasia dhidi yake. Ukikodi kayaki fuata ukuta wa mwamba kwa karibu, na ukiona mikwaruzo midogo ya upepo inakimbia juu ya maji kuelekea nje, rudi wakati huohuo.

Ya tatu ni baridi ya maji. Mistral wa kiangazi ukivuma, unayasukuma maji ya juu yaliyopata joto kwenda bahari kuu, na maji ya chini yanapanda kuchukua nafasi. Bahari iliyokuwa nyuzi 24 juzi inaweza kuwa 16 au 17 leo, jua likiwa lilelile na anga ni buluu kuliko jana. Wageni huruka majini kutoka juu ya mwamba bila kugusa maji kwanza. Mshtuko wa baridi hukata pumzi, na anayekata pumzi huvuta maji.

Upepo wa mashariki ndio kinyume chake: una joto, unyevu na mawingu, na unaleta mawimbi moja kwa moja kwenye mdomo wa En-Vau. Siku hiyo boti za watalii hazitoki, na ufukweni mawimbi yanarusha kokoto. Lakini kitu kimoja mtu wa Mwambao hatakihitaji hapa: jedwali la maji kujaa na kupwa. Bahari ya Mediterania haina bamvua. Maji yanapanda na kushuka sentimita 20 au 30 tu, na mara nyingi upepo na kanieneo ya hewa huyabadilisha zaidi ya mwezi. Mwamba ulioukanyaga asubuhi utakuwepo jioni.

Faida ya mistral ni hewa. Unapotulia, siku inayofuata hakuna ukungu wala vumbi, na visiwa vya Riou, vilivyo baharini upande wa magharibi, vinaonekana kama vimesogezwa karibu usiku. Hiyo ndiyo siku ya kupanda Cap Canaille.

Bahari ilipokuwa chini

Hori hizi zilikuwa mabonde. Wakati wa enzi ya barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo, na pwani ilikuwa kilomita kadhaa kusini. Barafu ilipoyeyuka, maji yalipanda na kuingia mabondeni. Unapoitazama En-Vau kutoka juu unatazama bonde lililozama, nusu yake tu ikiwa nje.

Ushahidi ulipatikana na mpiga mbizi wa Cassis, Henri Cosquer. Mwaka 1985, chini ya rasi ya Morgiou upande wa Marseille, aliingia tundu lililo mita 37 chini ya maji, akafuata mfereji unaopanda wenye urefu wa mita 175 hivi, akatokea kwenye ukumbi wenye hewa. Kuta zina farasi, nyati wa kale, mbuzi wa mlimani, sili, na viganja vya mikono vilivyopuliziwa rangi. Kuna pia ndege wa baharini wasioruka, jamii iliyokwisha kutoweka duniani. Michoro hiyo ina umri wa miaka 19,000 hadi 27,000 na zaidi. Ilitangazwa rasmi mwaka 1991, mwaka uleule wapiga mbizi watatu walipofia ndani ya mfereji huo, na mlango ukazibwa. Tangu 2022 kuna nakala ya pango kamili huko Marseille, karibu na bandari ya zamani. Siku ya mvua, au siku mlima umefungwa, nenda huko.

Jioni

Cap Canaille na magenge ya Soubeyranes yanayoendelea baada yake hufika mita 394 juu ya bahari mahali panapoitwa Grande Tête. Hakuna genge la bahari refu zaidi Ufaransa bara. Mawe yake si yale ya hori. Hapa ni tabaka za mchanga ulioganda, chokaa, na mawe ya mviringo yaliyogandishwa pamoja kama kashata ya njugu, yote yakiwa na chuma, na chuma hicho ndicho kinachoyapa rangi ya kutu. Mvua huyalamba na jua la jioni huyawasha.

Barabara ya D141, iitwayo njia ya vilele, inaunganisha Cassis na La Ciotat kwa kilomita 15 hivi. Ina mteremko mkali upande wa Cassis, maegesho kadhaa ukingoni, na hufungwa upepo ukizidi au hatari ya moto ikipanda. Usiache kitu garini, hata koti. Magari yaliyoegeshwa hapo huvunjwa vioo. Kwa miguu, panda kutoka mjini mpaka Pas de la Colle, kisha njia inaacha lami na kufuata ukingo. Saa mbili kutoka bandarini zinatosha kufika juu.

Ukingo huu haufanani na ukingo wa En-Vau. Chini ya tabaka ngumu kuna tabaka laini za udongo wa chokaa, na bahari na mvua hula zile laini kwanza. Tabaka ngumu inabaki imechomoza bila kitu chini yake, kisha inapasuka sambamba na ukingo. Utaziona nyufa hizo hatua tatu au nne ndani, nyingine zimeota rosemari. Ufa ukiwa kati yako na nchi kavu, umesimama juu ya jiwe ambalo limeshaanza safari. Kaa upande wa ndani wa ufa. Upepo nao hauji kutoka upande mmoja: unagonga ukuta, unapanda, unakuzunguka. Anayetaka kuchungulia alale kifudifudi, mkoba aache nyuma.

Fika juu muda wa saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Mwanzoni hori zote upande wa magharibi ni nyeupe na zinahesabika. Kadiri jua linavyoshuka zinageuka za buluu, kisha zinabaki mistari myeusi iliyopangwa moja nyuma ya nyingine, visiwa vya Riou vikiwa vya mwisho. Lakini ukiwa juu ya Cap Canaille hulioni Cap Canaille. Anayetaka ule wekundu wenyewe abaki chini, ng'ambo ya ghuba, kwenye mawe bapa meupe baada ya Bestouan. Ukuta unaanza manjano ya asali, unakuwa wa chungwa, na dakika 10 au 15 za mwisho ni nyekundu ya tofali jipya. Kisha kivuli kinapanda kutoka majini kama maji kujaa, na kileleni rangi inakatika ghafla. Ukilazimika kuchagua siku yako moja, chagua chini.

Wenye siku ya pili waendelee kwa miguu mpaka La Ciotat kwa njia ya vilele, mwendo wa saa nne au tano. Mwisho wake ni Bec de l'Aigle, mwamba wa mita 155 uliojaa yale mawe ya kashata, na hori ndogo za Figuerolles na Mugel chini yake. La Ciotat nako kuna treni, ingawa kituo chake pia kiko mbali na bahari.

Kuhusu boti: zinatoka bandarini Cassis, na bei inategemea idadi ya hori. Mzunguko wa hori 3 ni dakika 45 hivi na unafika Port-Miou, Port-Pin na En-Vau. Haishushi mtu. Panda asubuhi, na keti upande wa kulia, kwa sababu kwenda ndiko boti hufuata kuta. Mizunguko mirefu ina thamani kwa anayetaka kuona magenge ya Devenson, yasiyofikika kirahisi kwa miguu. Vinginevyo ile mifupi inatosha.

Jua likishazama, kumbuka kituo cha treni kiko kule juu. Kiangazi jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mabasi ya kupanda huenda yameshalala. Tazama treni ya mwisho kabla ya kuketi kwenye mawe, hesabu dakika 50 za kupanda kutoka bandarini kati ya mizabibu, na tembea upande wa kushoto wa barabara, tochi ikiwaka, ili magari yanayokuja yakuone.